Riziki Husimamisha Kila Basi

Farsta, Stockholm

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine inatoka kwa mwanao Riziki, nimeibeba mwenyewe kutoka kwake. Najua hiyo ya pili utataka kuirudisha ilikotoka, maana kila nikitaja jina lake kwenye simu unaniambia mtandao ni mbaya, na laini inakatika hapo hapo. Mtandao wa Kigoma una akili sana, Mama, unajua ukatike kwenye jina gani. Ndiyo sababu nimekaa kuandika. Barua nampa Mama Jenesi wa kanisani kwetu hapa, anayekuja kuwaona wazazi wake Ujiji, na karatasi haikatiki. Isome mpaka mwisho, kisha ukitaka kukasirika, ukasirike na mimi.

Goti linaendeleaje? Mdogo wetu Neema aliniambia mvua zimekuja na upepo, na bati la jikoni limeanza tena kupiga kelele. Fundi amepita? Usipande mwenyewe kwenye kiti kulikagua, nakujua. Na dawa za presha unameza kila siku, au zile siku unazojisikia vibaya tu?

Sisi huku tunasukuma siku. Nikisema wazima nitakuwa nimesema nusu, maana wazima tuko, lakini tumechoka. Mwezi huu nimepangiwa zamu iliyokatwa katikati. Naendesha basi asubuhi watu wanapokwenda kazini, napumzishwa mchana, halafu narudishwa jioni kuwarudisha walewale majumbani kwao. Huo mchana wa katikati hautoshi mtu kwenda nyumbani kulala, na kwenye chumba cha madereva hakuna usingizi, kuna kahawa na malalamiko. Jua linazama mapema siku hizi, watoto wanatoka shule giza limeshaingia. Mkweo Josefina anasafisha maofisi kule Kista. Yeye anatoka, mimi naingia, tunasalimiana mlangoni kama wapangaji. Watoto nikiwaita kwa Kiswahili wananijibu kwa Kiswidi, nami kwa uchovu nawajibu kwa Kiswidi hicho hicho, halafu najilaumu.

Sasa nije kwenye lile ulilonituma.

Yalianzia kwenye harusi ya mtoto wa mjomba, ile iliyofanyika hapa Stockholm, Spånga. Riziki alikuja kutoka Ireland, akapita mbele ya safu ya wazee bila kumsalimia hata mmoja, na kwenye safu hiyo alikuwa ameketi Mama Mkubwa Nyota, dada yako wa tumbo moja, aliyembeba Riziki mgongoni tulipokimbia vita kutoka Fizi, Kongo. Mama Mkubwa hakusema kitu pale. Alisubiri afike nyumbani kwake, akakupigia simu. Tangu hapo kwako Riziki amekuwa mzungu, mwenye kiburi, mtoto aliyesahau titi alilonyonya, na ukaacha kupokea simu zake. Kisha ukaniambia, "Elia, wewe ndiye mkubwa. Nenda ukamtazame kwa macho yako, uje uniambie nimezaa nini." Nilipopata likizo fupi nilikwenda, Mama. Nimemtazama.

Anakaa Kilkenny. Ni mji mdogo wenye mto, ngome ya mabwana wa kale juu ya mto, kanisa kubwa la mawe, na barabara ya maduka ambayo ukianza kuitembea umeshaimaliza. Wenyewe wanauita jiji. Mimi mgeni nilinyamaza. Nilishuka Dublin kwa ndege, nikapanda basi la safari ndefu moja kwa moja hadi huko. Sijazoea kukaa kiti cha abiria, na kila tulipofika kwenye kona mguu wangu wa kulia ulikuwa unakanyaga breki isiyokuwepo. Bibi aliyekaa pembeni yangu aliuangalia ule mguu kwa huruma.

Nilitegemea kupokelewa kwa gari. Si ulionyeshwa picha ya Riziki ameegemea kigari chake chekundu, alichonunua alipoanza kazi ya kuwahudumia wazee nyumba kwa nyumba? Basi nikawa nazunguka kituoni natafuta gari jekundu. Riziki mwenyewe alikuwa amesimama ukutani, amevaa koti la kijani, uso kaelekeza kwangu. Nikapunga mkono. Hakupunga. Nikamkaribia, hakusogea hata hatua, uso umekazwa. Nikasema moyoni, kumbe ni kweli walivyosema, hata kaka yake wa damu anangoja aanzwe kusalimiwa. Nilipomfikia nikaita kwa ukali, "Riziki."

Mama, yule mtoto aliruka. Alinikumbatia mpaka mkoba wake ukaanguka. "Kaka, ni weye? Shikamoo kaka, shikamoo," akairudia na kuirudia mpaka watu wakageuka kututazama. Nikachanganyikiwa. Hasira niliyokuwa nimeiandaa njia nzima nikakosa pa kuiweka.

"Gari liko wapi?" nikamuuliza.

"Liko kwa fundi. Twende kwa miguu kaka, mji wenyewe ni huu huu, utauona vizuri."

Tukatembea, naye akanishika kiwiko njia nzima. Nilidhani ni hamu ya kuonana. Kule wanaendesha upande wa kushoto, kama kwetu Kigoma, lakini mimi Sweden imeshanigeuza. Tulipofika kwenye kivuko nikatazama upande usio wenyewe, nikaingia barabarani. Riziki akanivuta koti kwa nguvu zake zote, na basi likapita mbele ya pua yangu. Fikiria, dereva wa basi mzima nusura nigongwe na basi.

"Hukulisikia?" akaniuliza. Hakusema hukuliona. Hilo nililikumbuka baadaye.

Kesho yake gari bado liko kwa fundi. Nilipendekeza tukodi baiskeli, maana wageni wanakodi kando ya mto na kuna njia nzuri, lakini Riziki akasema mgongo unamuuma. Kuna kigari kirefu cha watalii kinachozunguka mji polepole huku mtu akieleza historia ya kila jiwe. Tukapanda hicho. Riziki alifurahi kunizidi, amefumba macho, anasikiliza habari ambazo bila shaka ameshazisikia mara nyingi. Kurudi tuliita teksi kwa simu, na dereva akamwita Riziki kwa jina, akashuka kumfungulia mlango. Nikamtania kwamba hapa amekuwa malkia. Akacheka, lakini halikuwa lile cheko lake tunalolijua.

Nilikuwa naanza kuchoka na huyo fundi. Gari gani hilo lisilopona? Nikajisemea kwamba mtoto huyu ana jambo, labda ni mume, labda ni kazi, na kwamba kiburi kinaweza kuwa pazia tu. Sikujua pazia lenyewe liko wapi.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumapili, na tulikuwa tunasubiri basi la mjini la kutupeleka kanisani kwake. Utaratibu wao ni kwamba usiponyoosha mkono basi linakupita. Likaja basi, Riziki akanyoosha mkono. Halikuwa letu, lilikuwa la safari ndefu, na jina la linakokwenda lilikuwa limeandikwa mbele kwa taa, herufi kubwa. Dereva akasimama, Riziki akauliza, akaomba radhi, likaondoka. Likaja jingine, akanyoosha mkono. Hilo nalo si letu. Akaomba radhi. Kisha likaja lori kubwa la mizigo, Mama, akanyoosha mkono.

Mimi nimekaa nyuma ya usukani miaka mingi. Wapo abiria wanaosimamisha kila basi. Sisi madereva tunawajua, tunajua na vituo vyao, wala hatuwakasirikii, kwa sababu tunajua hawaioni namba. Wengi ni vikongwe. Nikamtazama mdogo wangu, mkono uko hewani, na mtu wa lori anampungia akidhani anasalimiwa.

"Riziki," nikasema, "gari uliliuza lini?"

Akashusha mkono.

"Zamani, kaka. Kabla ya harusi."

Basi letu lilipokuja nililisimamisha mimi. Tulikaa viti vya nyuma, na kanisani hatukufika. Ni presha ya macho, Mama, ule ugonjwa unaokula macho polepole bila maumivu, mtu anakuja kushtuka sehemu kubwa imeshakwenda. Pembeni haoni kabisa. Mbele anaona, lakini kwa ukungu, na pakiwa na giza hata huo ukungu haupo. Kazi ya kwenda nyumba kwa nyumba iliisha alipokatazwa kuendesha. Sasa wamemweka kwenye nyumba moja ya kulelea wazee karibu na kwake, anakwenda kwa miguu, njia ameikariri. Anasema wazee wanampenda kwa sababu yeye husema nao kabla ya kuwagusa.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza.

"Nimwambie Mama nini? Ana presha yake. Alimzika Baba, akatuvusha vitani. Leo nimwambie yule mtoto uliyempeleka Ulaya anapofuka? Afadhali aniite mwenye kiburi. Kiburi cha mtoto hakimuui mzazi."

Nilitaka kumgombeza, nikashindwa. Nililia, Mama, mtu mzima na mvi zangu, ndani ya basi la watu. Tulifika mwisho wa njia na dereva akageuka kututazama. Nikamwonyesha kwa mkono kwamba tunarudi naye, akaitikia kwa kichwa. Tukauzunguka mji tena. Hiyo ndiyo faida ya mji mdogo, unazunguka unarudi pale pale, na aliyekuwa hajamaliza kusema anapata nafasi ya kumaliza.

Nikamuuliza kuhusu Spånga. Akasema, "Ukumbini waliwasha zile taa za rangi zinazozunguka. Miye nilikuwa nafuata gauni la bibi harusi, ndicho kitu pekee nilichokuwa nakiona. Nikasikia upande mmoja watu wamenyamaza. Nikajua nimekosea, kuna wakubwa hapa. Lakini wako wapi? Niliogopa kugeuka nikasalimia ukuta, watu wakacheka."

Ndiyo kiburi chote hicho, Mama. Hakuna kingine.

Siku ya kuondoka kwangu akasema atanisindikiza. Na sisi kwa kusindikizana unatujua. Tulifika kituoni mapema, nikaanza kumfikiria akirudi peke yake, maana karibu na kwake walikuwa wanachimba barabara na wameweka vizuizi vipya asivyovijua. Nikamwambia, twende nikurudishe. Tulipofika mlangoni akasema mgeni haachwi mlangoni, akaanza safari ya kunirudisha kituoni. Kwenye daraja nikamwambia basi nikufikishe hata nusu ya njia. Akakataa. Tukabishana hapo darajani nani ni mgeni na nani ni mwenyeji, na basi la uwanja wa ndege likapita likaniacha. Riziki ndiye aliyelijua kwa mlio. "Hilo lako limekwenda, kaka," akasema, na tukacheka mpaka tukashika ukingo wa daraja. Mzee mmoja akasimama kutuuliza kama tuko salama. Hilo ndilo lilikuwa cheko lake hasa, nililitambua.

Tulipotulia akasema, "Nataka kwenda nyumbani. Haya matone ya macho yanalinda kilichobaki, lakini madaktari hawaahidi. Weye nimekuona, ulinikaribia. Uso wa Mama ninao wa zamani tu, na hata huo siku hizi nikiutafuta unachelewa kuja. Nataka niuone tena wakati ninaweza. Sasa nitakwendaje kwa mtu asiyepokea simu yangu?"

Nikamwambia nitaandika. Akafikiri kidogo, akasema niandike yote, kwa sababu yeye akisema kwenye simu atalia, nawe utalia, na hakuna atakayemsikia mwenzake. Nikapanda treni hadi Dublin. Kwenye ndege niliingia wa mwisho, natoka jasho, watu wakinitazama vibaya.

Niliporudi hapa nilikwenda kwanza Spånga kwa Mama Mkubwa Nyota. Nilimkuta anapika majani ya muhogo, sombe ya kwetu. Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe. Akazima jiko, akakaa. "Elia," akasema, "alipita karibu, gauni lake liligusa goti langu. Nilimwona tangu anaingia mlangoni. Ningesema neno moja tu, Riziki, angesikia. Nikasema la, miye ndiye mkubwa, aanze yeye." Kisha akaniomba niyaandike haya bila kubakisha, na nikuambie kwamba yale aliyokuambia kwenye simu siku ile ameyafuta, nawe uyafute. Sombe hatukuila siku hiyo, Mama Mkubwa hakuwasha jiko tena.

Kuna jambo jingine la lazima. Ugonjwa huu hutembea ndani ya ukoo. Mimi nimeshapimwa, kwa kazi yangu hakuna kubahatisha, na wameniambia niko salama ila nirudi kila mwaka. Wewe na Neema mwende hospitali ya mkoa mkapimwe macho. Msingoje kuumwa, maana hauumi. Na Neema, najua barua hii unaisoma begani kwa Mama, hili nakuachia wewe usimamie.

Sijakuandikia haya ili ujilaumu. Ulikuwa mbali, uliletewa habari na dada yako mwenyewe, ungefanyaje? Hata mimi nilifika mpaka mbele ya uso wake nikamwona mwenye kiburi. Nimechoka sana na jambo hili, Mama. Nimekaa katikati yenu wawili tangu ile harusi, kila mmoja ananiuliza habari za mwenzake huku akijifanya hataki kujua. Kazi hiyo sasa naiacha. Riziki atakupigia Jumapili utakapokuwa umetoka kanisani. Pokea.

Nisalimie Mjomba Asumani, ndugu yako, umwambie nashangaa mtu anayeishi kwenye jua anaagiza suruali ya joto, lakini ataipata. Shangazi Feza, dada wa Baba, mwambie nimeota amenipikia samaki, mgebuka wa ziwani, na nimeamka na njaa. Salamu kwa mama mchungaji, na kwa jirani yetu Bi Mwajuma mwenye ngazi, asikuazime hata ukimbembeleza. Josefina anakusalimu sana. Watoto nao wanakusalimu, kwa Kiswahili, nimewasimamia mwenyewe.

Likizo yangu ndefu ikifika tutakuja. Riziki atapitia kwangu hapa Stockholm, na nitamshika mkono mpaka Kigoma. Pale uwanja wa ndege unajua abiria wanavyoshuka na kutembea kwa miguu hadi kwenye jengo, na jua la kwetu litamtia kiwi. Watu watakuwa wengi, kila mtu anamtafuta wake. Inawezekana akapita mbele yako asikuone. Usimngoje akuanze, Mama. Mwite jina, nami nitamwachia mkono aje mwenyewe.

Mwanao,
Elia